Sala ya Kumwamsha Masjala

Vumbi lililokaa muda mrefu juu ya chuma, likipata joto la umeme, lina harufu yake. Si moshi, wala si nywele zilizoungua, ila iko katikati ya hivyo viwili. Mwezi uliopita niliisikia tena nikiwa kwenye benchi la ofisi moja hapa Mazwi, Sumbawanga, nikisubiri karatasi za mjukuu. Karani aliwasha mashine ambayo nadhani ilikuwa haijaguswa tangu mvua zianze. Wengine waliziba pua. Mimi nilisimama wima, mikono ubavuni, bila kujijua, kama tulivyokuwa tukisimama sisi watatu nyumbani kwa baba. Mama aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Umeitwa?" Nikakaa.

Walio wa rika langu hawahitaji kuelezwa siku zile zilikuwaje. Ghafla madukani kulijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikafika mpaka kwenye minada ya vijijini, na wakati huohuo baba za watu wakaanza kuonekana nyumbani saa nne asubuhi, wamekaa kibarazani na viatu vya kazini miguuni. Baba yetu alikuwa fundi katika shirika moja la umma. Alianza na taipureta na mashine za kuhesabia, halafu zikaja kompyuta nne, akapelekwa kozi, akarudi akitembea tofauti. Shirika lilipofungwa wenzake waligawana viti, makabati ya chuma, mapazia, na mmoja aliondoka na mlango. Baba aliomba zile kompyuta. Hakuna aliyegombana naye.

Alizileta kwa mkokoteni, ameviringisha kila moja kwenye blanketi, akitembea pembeni na kuweka mkono juu yake kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Mtaa mzima ulitoka kuangalia.

"Fundi, umenunua runinga nne?" aliuliza Mama Yusta, jirani yetu aliyekuwa akiuza dagaa na chumvi mlangoni kwake.

"Si runinga, Mama Yusta."

"Hazionyeshi mpira?"

"Hazionyeshi."

"Basi umepunjwa, ndugu yangu. Ungechukua viti."

Kila kompyuta ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni jina la ofisi ilikotoka: MENEJA, MHASIBU, BOHARI, MASJALA. Sisi watoto tuliyachukua yale kuwa majina yao. Mdogo wangu Oskar, aliyekuwa darasa la tatu, alimwamkia Meneja kila alipotoka shule. Fides, wa mwisho wetu, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea, na neno "Masjala" alilitamka vizuri kabla hajaweza kutamka jina langu. Mama yetu alifariki wiki ileile aliyozaliwa Fides, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba, na mgongoni kwangu ndipo alipojifunzia maneno yake yote.

Kati ya wanne, watatu walikuwa wamekwisha. Baba aliwafungua kwa bisibisi, akatoa hiki kwa Meneja, kile kwa Mhasibu, akamwekea Masjala. Nilishika taa, nilishika sahani ya skrubu, nilifuta vumbi kwa brashi ya kunyolea. Nilijifunza kuwa waya mpana unaingia upande wenye alama nyekundu, kwamba usiguse kitu ndani kabla hujagusa chuma kwanza, na kwamba baridi yetu ya Juni, ile inayofanya mafuta ya kula yagande kwenye chupa, inaingiza unyevu ambao ni adui. Kwa hiyo Masjala alilala amefunikwa blanketi, na siku za baridi kali blanketi hilo lilikuwa la baba mwenyewe. Akiumwa mgongo asubuhi, alisema tu, "Mimi nitapona. Yeye akipata kutu haponi."

Lakini ninachotaka kusimulia ni namna alivyokuwa akimwasha.

Umeme ulipokuwepo, baba alitusimamisha ukutani. "Nyamazeni," alisema. Akabonyeza swichi. Kwanza ile harufu, halafu feni ikaanza kulia, halafu kwenye kioo namba za kijani zikahesabu haraka kwenda juu, kikasikika kilio kifupi, na maneno machache ya Kiingereza yakasimama pale. Hapo ndipo baba alipoinama. Aliinama mbele ya kioo mpaka mgongo wake ukakiziba chote, midomo ikicheza, vidole vikigusa kitufe hapa na pale taratibu, kama mtu anayepitisha punje za rozari. Hakuongea nasi. Ilichukua muda wa Salamu Maria tatu hivi. Niliwahi kuzihesabu moyoni. Halafu akanyooka, kukasikika sauti kama ya jiwe la kusagia linaloanza kuzunguka, na kioo kikajaa. Fides alipiga makofi. "Masjala ameamka!"

Mimi nilijua kwamba baba anasali. Sikudhani tu, nilijua, kama nilivyojua kuwa padri akigeukia altare na midomo ikacheza bila sauti, hapo kuna jambo linatendeka. Kwetu uwandani kila kitu kilianza kwa sala: mbegu kabla ya kwenda shambani, safari, chakula, hata fimbo ya mwalimu wetu wa dini. Ingekuwa ajabu kama mashine ngumu vile ingeamka bila kuombewa.

Nilikuwa mtu mzima, na baba ameshaoza kaburini, nilipoelezwa. Kijana fundi kutoka Mbeya alikuja kutengeneza kompyuta mahali nilipokuwa nikipika, na nilipomwandalia chai nikamsimulia ile sala, kama kichekesho. Hakucheka. Alisema mashine za zamani zile zilikuwa na betri ndogo ndani ya kuzisaidia kukumbuka. Betri ikivuja mafundi waliing'oa, kwa sababu ilikula shaba, na nyingine haikupatikana. Ikizimwa bila betri, mashine inasahau kila kitu, hata inasahau kwamba tumboni ina diski. Ikiwashwa inauliza. "Sasa fundi anaiambia," alisema. "Anaingia pale, anaandika namba ya ile diski, basi. Baba yako alikuwa anasoma na kuandika, mama. Ni namba tu. Namba mbili."

Namba mbili. Nawaambia mapema hivi ili mnielewe kwa yanayofuata, maana mimi wakati ule sikuwa nazo.

Baba alianza kuumwa kifua mwaka uliofuata. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule bila mtu kuniambia niache. Siku moja nilibaki kumpikia uji, ya pili nikabaki kumfulia, wiki ikaisha, na mwalimu hakuja kuuliza. Aliyekuja ni Sista. Alikuwa mkuu wa chuo kidogo cha ushonaji cha wasichana, mwanamke mrefu, mzaliwa wa hukuhuku, mwenye sauti ya kuamuru na mkoba uliojaa unga na sukari. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha baba, akakiona kile kitu kilichofunikwa blanketi.

"Huyo naye anaumwa?" aliuliza.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamweleza. Nilisikia wakiongea kwa muda mrefu, na Sista aliponiita alikuwa ameshaamua.

"Wasichana wangu wanatakiwa wajifunze kupiga chapa. Mashine hii ikija chuoni ikiwa hai, inakuja na mtu wa kuiwasha na kuizima. Mtu huyo ni wewe. Nyuma ya karakana kuna chumba. Kitawatosha watatu, mkibanana."

"Sisi wote, Sista?"

"Nimesema watatu. Mimi hesabu naijua."

Baba alinishika mkono. "Nikipata nguvu nitakuonyesha kila kitu, hatua kwa hatua," alisema.

Hakupata nguvu. Siku zake za mwisho aliweza kuongea, ingawa hakuweza kukaa. Nilikuwa pale, asubuhi mpaka jioni, na angeniambia lolote ambalo ningemwuliza. Sikumwuliza. Niliona aibu kumsumbua mgonjwa kwa jambo ninalolijua. Nyaya nazijua, brashi naijua, blanketi nalijua, na sala zote nilikuwa nimezikariri tangu kipaimara. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi, kama iwe Salamu Maria au Baba Yetu, na hilo nilijiambia Mungu hawezi kulifanyia ukali.

Baada ya mazishi ndugu walikaa kikao uani. Baba mdogo alitoka Matai, shangazi alitoka Kirando na harufu ya ziwa kwenye khanga yake. Hawakuwa watu wabaya, na napenda hilo lijulikane. Baba mdogo alikuwa na watoto saba, na alipoongea alitazama mikono yake.

"Mwanangu, hakuna kati yetu anayeweza kuwachukua watatu. Ulezi ukishaingia ghalani nitakuja na gari. Kama huyo Sista amewapokea, nitapiga magoti nimshukuru Mungu, nirudi zangu. Kama hajawapokea, Oskar ni wa kwangu, Fides anakwenda na shangazi yenu. Wewe ni mkubwa, utapata pa kujishikiza."

"Sista amesema mashine iwe hai," nilimjibu. "Itakuwa hai."

"Unaiweza?"

"Naiweza."

Shangazi akasema, "Kama baba yake kabisa. Hata shingo."

Wiki ile nilifanya kila kitu nilichowahi kumwona akifanya. Nilimfungua Masjala, nikamfuta, nikagusa chuma kwanza, nikarudisha waya upande wenye alama. Nilimwasha. Harufu, feni, namba za kijani, kilio kifupi, maneno ya Kiingereza. Nikainama, nikasali, nikagusa vitufe taratibu, hapa na pale. Kimya. Nilimzima, nikamwasha tena. Nilisali rozari nzima. Nilimfunika siku mbili nikidhani ni unyevu. Nilitoa kitu kwa Bohari nikamwekea, nikakitoa tena kwa hofu. Oskar alisema, "Labda ni kwa sababu ulimpiga Fides juzi." Siku iliyofuata nilikwenda kuungama. Padri aliniuliza kosa, nikamwambia nimempiga mdogo wangu na mashine haiamki. Alinipa malipizi ya lile la kwanza.

Sista alikuja na dereva wake, mzee mmoja mfupi aliyevaa kofia ya sufu. Niliwapanga wadogo zangu ukutani, nimewapaka mafuta mpaka wanang'aa. Mama Yusta aliacha dagaa wake akaja kusimama mlangoni. Nikabonyeza swichi. Yale maneno yaliposimama kwenye kioo niliinama, nikakiziba kwa mgongo.

"Unafanya nini, binti?" aliuliza Sista.

"Ninamwombea, Sista. Baba alikuwa anamwombea kwanza, ndipo anaamka."

Nilitarajia anikaripie. Badala yake nikasikia kitambaa kikisuguana, nikageuka, nikamwona anapiga magoti kwenye sakafu yetu ya udongo. Dereva akavua kofia. Mama Yusta akafanya ishara ya msalaba akaingia ndani kabisa. Sista akaanzisha, na sisi tukaitikia, Salamu Maria tatu, kwa sauti, mbele ya kioo cha kompyuta, feni ikilia, Fides akimalizia "amina" kabla ya wakati kila mara.

Maneno yalibaki palepale.

Sista aliinuka, akakung'uta magoti, akasogea karibu na kioo, akavaa miwani. Alisoma kwa sauti, yote, mstari baada ya mstari, kwa Kiingereza chake kizuri cha shule za zamani. Alisoma mara mbili.

"Inasemaje, Sista?"

"Inasema kuna kitu haikijui kuhusu yenyewe. Inataka iambiwe."

"Iambiwe nini?"

Alivua miwani. "Kiingereza nimekisoma, mwanangu. Inachotaka sikijui."

Nimelifikiria jambo hili zaidi ya kifo cha baba, Mungu anisamehe. Mashine ilikuwa inasema. Ilisema waziwazi, ikasomwa mbele yetu, ikaelezwa kwa Kiswahili chepesi. Tulikuwa sita ndani ya chumba kile, na wote tulikuwa tunaitakia heri, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kuiambia.

"Nipe wiki nyingine, Sista," nilisema.

"Nakupa mbili," alisema. "Lakini Mama Mkuu ameruhusu chumba kwa ajili ya mashine. Bila mashine chumba si changu kukitoa."

Alinipa zote mbili. Nilimpelekea fundi redio wa sokoni, akatazama ndani, akafunga kifuniko kwa heshima. Nilikwenda sekondari nikamngojea mwalimu wa hesabu getini; alisema amewahi kuiona kompyuta, lakini kwa nje. Mashambani watu walikuwa wakivuna. Kila kapu la ulezi lililopita barabarani nililitazama kama adui, na nilitamani mvua inyeshe kiangazi iozeshe mavuno ya baba mdogo, mtu aliyekuwa na watoto saba.

Gari lilikuja siku ya kumi na tano. Hakukuwa na mengi ya kubeba. Oskar alipanda mwenyewe nyuma, akakaa juu ya godoro akiwa amekumbatia mkoba wake wa shule, akatazama mbele. Hakunisema. Ningependa angenisema. Baba mdogo aliahidi kwamba ataendelea na shule, na kwa kweli aliendelea. Shangazi naye alikuwa amefika kwa gari la samaki, na ilibidi arudi nalo mchana uleule. Fides alinishika shingo. Tulimvuta vidole kimoja kimoja, mimi na shangazi, na alikuwa na nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, mtoto wa miaka mitatu.

Ili aniachie nilimwambia uongo. "Masjala anaumwa tu. Akiamka, siku hiyohiyo nakuja kukuchukua."

Akaniangalia. "Siku hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

Akaniachia.

Sista alinipokea peke yangu, jikoni. Nililala bweni na wasichana wa ushonaji, nikipika maharage yao. Meneja, Mhasibu na Bohari aliwachukua fundi majiko. Wale wenye majiko ya mkaa yenye rangi ya maziwa siku zile Mazwi, sasa mnajua yalitoka wapi. Masjala alikaa kwa Mama Yusta chini ya meza ya dagaa, na kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kujaribu. Wachuuzi waliotoka Kirando waliniletea salamu. "Mdogo wako anauliza kama Masjala ameamka," walisema. "Ni ndugu yenu? Poleni na mgonjwa." Mmoja aliniletea samaki mkavu wa kumpelekea mgonjwa huyo, kwamba mchuzi wake unarudisha nguvu. Nilimpokea yule samaki. Sikujua nianzie wapi kumweleza.

Mvua moja paa la Mama Yusta lilivuja, na nilipomfunua Masjala maji yalichuruzika kutoka ndani. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwa fundi majiko. Aliniuliza kama nataka jiko moja kama ahsante. Nilisema sitaki. Kisha wachuuzi walipoleta lile swali, nilijibu, "Bado," na niliendelea kujibu hivyo, mpaka ilipofika msimu mmoja wachuuzi wakaja na samaki tu, bila swali.

Nilipopata chumba changu mwenyewe cha kupanga, chenye mlango wenye komeo, nilinunua kitanda cha pili na gauni la njano, nikaomba ruhusa nikashuka Kirando. Gari liliteremka kutoka baridi hadi joto, na nilifika mchana, nimelowa jasho. Uani kwa shangazi kulikuwa na msichana anageuza dagaa juani kwa ufagio, mwepesi, mweusi kwa jua, anaimba. Gauni nililoshika lingemfikia kiunoni.

Aliponiona aliacha kuimba. Alikuja mbio, akapiga goti kama wanavyofundishwa watoto wenye adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unanijua?"

Alinitazama usoni, kwa heshima, akitafuta. Halafu akatabasamu, akageukia nyumba. "Mama! Yule dada wa Sumbawanga amekuja!"

Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia polepole, asinilowanishe nguo. Nikanawa. Shangazi alitoka, tukakumbatiana, akaniuliza habari za safari na nitakaa siku ngapi. Nikamwambia nimekuja kuwasalimia tu, nitarudi kesho.